Kanuni za Wizi wa Zabibu, Tawi la 41

Wanachama wote wa Chama cha Udugu cha Tisza, Tawi la 41, wanatangaziwa kwamba kuanzia msimu huu wizi utafanywa kwa utaratibu.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Béla Hornyák, Katibu wa Tawi. Nililipiga chapa mwenyewe, nikaligonga muhuri, nikalibandika sehemu nne: mlango wa ukumbi wetu, mlango wa kanisa, bucha la Ernő, na jumba la boling. Sehemu ya tano ingekuwa lango la kiwanda cha mabomba, lakini kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia, na serikali makini haibandiki tangazo mahali pasipo na wasomaji.

Naomba nieleweke vizuri. Chama chetu si genge. Tupo hapa Ohio, kando ya Ziwa Erie, tangu babu zetu walipovuka bahari kutoka Hungaria kuja kuyeyusha chuma. Tunazikana. Tunakatiana bima ya maisha. Kila Alhamisi tunaviringisha matufe na kuangusha pini, na kiangazi tunachoma mafuta ya nguruwe kwenye moto wa kuni, tukiyadondosha juu ya mkate na vitunguu mpaka daktari atukasirikie. Na kila Oktoba tunafanya Dansi ya Mavuno. Vichala vya zabibu vinatundikwa kwenye nyaya chini ya dari ya ukumbi. Watu wanacheza, na mwenye ubavu anakwapua kichala. Walinzi wa shamba, wenye kofia nyeusi na fimbo ndefu, wanamkimbiza. Wakimkamata, Jaji anamhukumu hadharani na anatiwa kizimbani kabla ya kwenda kuosha masufuria. Wasipomkamata, amekula zabibu za bure. Ndivyo walivyofanya babu zetu, ingawa wao walikuwa na shamba kweli.

Sasa tatizo. Mwaka wa nyuma tulitundika vichala mia mbili na kumi. Dansi ilipokwisha vilikuwa vimebaki mia mbili na nane. Jaji wetu, Ernő mwenye bucha, alisinzia ndani ya joho lake. Kizimba cha mbao kilikaa kitupu hadi watu wakaanza kutupia makoti yao humo. Na siku hiyo hiyo alikuwepo mkaguzi kutoka Makao Makuu, Pittsburgh, Bi Etelka Sipos, mwanamke mwembamba asiyekula keki. Ripoti yake ilikuwa na mstari mmoja: "Tawi la 41: chakula kizuri, muziki mzuri, uhalifu hafifu."

Rais wetu wa Tawi, Mheshimiwa Dezső Kerekes, aliisoma ripoti hiyo akiwa amesimama. Yeye ni muuzaji wa magari ya mtumba, na siku zile alikuwa anagombea kiti katika Bodi Kuu ya Pittsburgh. Mtu anayetaka kiti hapendi kusikia neno hafifu.

"Béla," aliniambia, "tuna uhaba wa wezi."

"Wapo, Mheshimiwa. Kinachowashinda ni magoti."

"Magoti si sera. Unda kamati."

Niliiunda. Kamati ya Kufufua Wizi ilikaa vikao saba, ikamaliza mikate kumi na minne yenye kokwa za jozi na kahawa isiyo na idadi, ikazaa Kanuni ishirini na mbili. Kuanzia sasa, anayetaka kuiba angejaza fomu nakala tatu, awe na wadhamini wawili, mmojawapo akiwa mlinzi. Angepangiwa saa ya kuiba na kichala cha kuiba, na angebandikwa namba kifuani ili asichanganywe na watu waaminifu. Nililiona jambo hili kuwa la maendeleo, na sioni haya kusema hivyo.

Kanuni ya Nne niliitunga peke yangu, usiku kucha, na Rais alipoisikia alinishika bega. Ilisema hivi: "Mwizi ni mwanachama mwenye kibali halali cha kuiba. Asiye na kibali si mwizi, na hatatambuliwa kuwa mwizi na mlinzi, na jaji, wala na mpishi." Shabaha yake ilikuwa kukomesha wizi holela, ule wa mtu kujiendea tu na kuiba bila kushirikisha wadau.

Usaili ulifanyika Alhamisi kwenye jumba la boling, baada ya michezo ya ligi. Tulining'iniza soseji ya Ernő juu ya njia ya tatu, kwa kipimo kile kile cha zabibu, na kila mwombaji akatakiwa kuruka na kuigusa. Waombaji walikuwa thelathini. Viatu vya boling vinateleza, jambo ambalo Kamati haikulijadili. Walifaulu kumi na mmoja. Rais alipewa Kibali Namba Moja kwa wadhifa wake, bila kuruka.

Mwombaji wa mwisho alikuja na mfuko wa tufe begani. Siku hiyo alikuwa ameangusha pini nyingi kuliko wanaume wote wa ligi ya wastaafu, na walikuwa bado wanamkwepa macho.

"Jina?" niliuliza.

"Béla, mimi nimekubadilisha nepi."

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu, shangazi. Jina?"

"Piroska Varjas."

"Uzoefu katika wizi?"

"Miaka arobaini na sita."

"Mara ulizokamatwa?"

"Hata moja."

Watu kwenye foleni walipiga makofi. Rais hakupiga.

"Umri?"

"Sabini na minne. Na hiyo soseji iacheni hapo hapo, mimi siruki. Anayeruka ni yule anayeiba kwa mara ya kwanza."

Rais alisogea na kitabu cha Kanuni. "Shangazi Piroska, tunakuheshimu sana. Lakini Kanuni ya Tisa inasema mwisho wa mwizi ni miaka sabini. Una bima yetu ya maisha. Ukianguka, Chama kitapata hasara."

"Nikifa mtanizika. Si ndiyo kazi ya Chama?"

"Kwa sasa hilo halipo kwenye bajeti."

"Basi nitajitahidi nisife mpaka mwaka wa fedha ujao, Dezső."

Watu wakacheka. Rais akanitazama, nami nikajua ananitazama kwa sababu gani. Nikauchukua muhuri. Shangazi Piroska aliinama juu ya meza yangu, akazungumza nami kwa sauti ya chini, mimi peke yangu.

"Sikiliza, mwanangu. Nyumba nimeshaiuza. Mwezi ujao binti yangu ananichukua, tunaenda kukaa Arizona. Huko hakuna kitu cha kuiba, ni miiba mitupu. Unamkumbuka Imre wangu?"

Nani asiyemkumbuka? Imre Varjas alikuwa Mkuu wa Walinzi miaka thelathini. Alimkamata kila mtu katika mji huu, hata kasisi. Mkewe tu ndiye aliyemshinda.

"Nyumbani alikuwa haongei," alisema. "Gazeti, supu, kitanda. Lakini ikifika Oktoba, ananikimbiza ukumbi mzima, watu wanapiga kelele, na mimi najiona nina miaka ishirini. Tangu afe, Lajos, aliyerithi ukuu wake, ndiye ananikimbiza. Mbio zake mbaya vile vile, kama za Imre. Nataka kukimbizwa mara moja tu, Béla. Kisha nitaondoka vizuri."

Niligonga muhuri: IMEKATALIWA. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini muhuri ulikaa sawasawa, na wino haukuchuruzika.

Dansi ilifanyika Jumapili, saa tisa alasiri, kwa sababu wanachama wetu wengi hawaendeshi gari jua likishazama. Ukumbi ulinukia kuku wa pilipili nyekundu na kabichi iliyofungwa nyama. Bi Etelka Sipos aliketi meza ya mbele na daftari lake. Katikati ya dari, chini ya taa kubwa, tulitundika kichala kimoja kikubwa kuliko vyote, zabibu nyeusi tii, kilichotengwa kwa ajili ya Mwizi Namba Moja. Kwa mujibu wa ratiba Mheshimiwa Rais angekiiba saa kumi na robo, halafu angehutubia.

Wizi ulianza kwa wakati.

"Mwizi Namba Nne!" nilisoma. "Saa tisa na dakika arobaini, waya wa kaskazini, kichala cha pili kutoka dirishani."

Namba Nne, Feri fundi bomba, alitoka kwenye foleni, akakichukua kichala, akasimama akingoja. Lajos Bernáth, Mkuu wa Walinzi, alimwendea polepole akamwekea mkono begani. Lajos aliendesha winchi kiwandani miaka ishirini na minane na ana kifua cha pipa, lakini siku hiyo alikuwa na uso wa mtu aliyeamrishwa kulisha samaki wa plastiki.

"Pole, Feri."

"Asante, Lajos."

"Una hatia," alisema Jaji Ernő bila kuinua kichwa. "Anayefuata."

Mke wa Feri aliyekuwa kwenye foleni ya nyuma alisema kwa sauti kwamba hata benki hakuna foleni ndefu hivi. Waliovunja sheria walikuwa wengi kuliko wakati wowote katika historia yetu, na hakuna aliyecheka. Wapiga fidla walizidi kupunguza kasi. Nilimwona Bi Etelka akipiga miayo na kuifunika kwa daftari, nikajiambia kwamba huo ni uchovu wa safari.

Saa kumi kasoro dakika moja Shangazi Piroska akaingia.

Alivaa sketi yake nyekundu ya miaka yote na viatu vya visigino vifupi. Mkononi alishika fimbo ya ulinzi ya marehemu mumewe, ile yenye kipini kilichopinda. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyokuwa akiiba miaka yote bila kuruka: alikuwa anatumia fimbo ya mlinzi mwenyewe, aliyoiazima mlangoni pa chumba chao cha kulala. Alikata ukumbi hadi katikati, akamtazama Lajos machoni, akainua fimbo, akakiangua kile kichala kikubwa kikamwangukia mikononi.

Fidla zikanyamaza.

Lajos aliruka kutoka kwenye kiti. Alipiga hatua tatu, na kwa hizo hatua tatu uso wake ulirudi kuwa uso wa mtu. Kisha akakumbuka, akasimama.

"Shangazi," alisema kwa huzuni, "kibali unacho?"

"Sina. Mmekataa kunipa."

"Basi siwezi kukukamata."

"Lajos, nimeiba! Hii hapa!"

"Hujaiba, shangazi. Kanuni ya Nne. Asiye na kibali si mwizi."

"Wewe Imre alikufundisha kazi, na leo unanifanyia hivi? Nikimbize!"

"Sina mamlaka."

Midomo yake ilitetemeka. Nimemwona mwanamke yule kwenye maziko ya mumewe, na hakutetemeka hivyo. Akanyoosha fimbo, akaangua kichala kingine, kisha cha tatu, akimwangalia Lajos kila mara, na Lajos akiangalia sakafu.

Sasa mtu mmoja kati ya wale wengine kumi na wanane waliokataliwa, nadhani alikuwa mjane wa mwoka mikate, akapanda kiti na kujichumia kichala. Alimwuliza mlinzi wa karibu, "Mimi je?" Mlinzi akasema yeye pia si mwizi. Ndipo wote kumi na wanane wakapanda viti. Zabibu zilikuwa zinatoka darini kwa mafungu na hakuna kilichokuwa kinaibwa. Nilifungua daftari la takwimu nikakosa safu ya kuandika. Bi Etelka alikuwa ameacha kupiga miayo.

"Acheni!" Rais alinguruma. Alivuka ukumbi, akamfikia Shangazi Piroska, na kwa mkono wake mwenyewe akamnyang'anya kile kichala kikubwa. "Hiki ni cha saa kumi na robo! Ni changu!"

"Mwizi!" akapiga yowe Shangazi Piroska.

Watu wote waligeuka. Mheshimiwa Rais alikuwa amesimama chini ya taa, kichala mkononi, na kifuani ile namba moja ikining'inia kwenye utepe mwekundu, mweupe na kijani. Alikuwa ndiye mtu pekee mwenye zabibu na kibali kwa pamoja.

Lajos alimsogelea taratibu. Nilisikia magoti yake yakilia.

"Mheshimiwa, kibali unacho?"

"Wewe una kichaa? Ninacho, kila mtu anajua ninacho!"

"Basi uko chini ya ulinzi."

Walimpeleka kwa Jaji. Ernő alikuwa ameamka kabisa, na wigi lake la sufu lilikuwa limekaa upande.

"Mshitakiwa, una kibali cha kuiba?"

"Nilijipa mwenyewe. Lakini Ernő, mimi nilikuwa nakirudisha—"

"Uniite Mtukufu Jaji. Saa yako ya kuiba ni saa ngapi?"

"Saa kumi na robo."

"Katibu, sasa hivi ni saa ngapi?"

Rais alikuwa ananitazama, ni yeye aliyenipa ukatibu, na ni yeye aliyeniuzia gari langu, ingawa hilo si la kumshukuru. Nikatazama saa ya ukutani.

"Saa kumi na dakika nne, Mtukufu Jaji."

"Umeiba kabla ya wakati wako," alisema Ernő. "Tumekuruhusu kuiba, tumekupangia na saa, na bado umeshindwa kufuata utaratibu. Kizimbani, kisha masufuria. Yote."

Kelele iliyozuka ilitikisa vyombo jikoni. Walinzi wawili walimshika Rais mikono. Alipofika mlangoni pa kizimba alishika nguzo, akapata wazo, nami nikaliona likimjia usoni.

"Kwa mamlaka niliyo nayo," alipaza sauti, "naifuta Kanuni ya Nne! Mara moja! Habari ya kibali imekwisha, hapa hakuna mwizi mwenye kibali, kwa hiyo niachieni! Béla, andika!"

Niliandika. Niligonga muhuri. Sijawahi kugonga muhuri kwa furaha kiasi hicho.

"Imefutwa," alisema Jaji. "Basi tunarudi kwenye desturi ya babu zetu. Mwizi ni yule aliyeshika zabibu. Mheshimiwa, hebu tuonyeshe, mkononi mwako kuna nini?"

Rais akautazama mkono wake. Kichala kilikuwa bado humo. Mlango wa kizimba ukafungwa. Alibaki amekishika nje ya mbao, hajui akifanye nini, na kabla hajaamua, fimbo yenye kipini kilichopinda ilipita mbele ya pua yake na kichala kikaondoka nayo.

"Lajos," alisema Shangazi Piroska, "umesikia Jaji alivyosema?"

"Nimesikia, shangazi."

"Sasa unangoja nini, wewe kiazi?"

Akakimbia. Mwanamke wa miaka sabini na minne, kichala kifuani, sketi nyekundu ikipepea, na nyuma yake Lajos akipiga mayowe na kuangusha viti. Walizunguka meza ya keki mara mbili. Walipita katikati ya wapiga fidla, ambao walishika wimbo wa kasi kuliko zote wanazozijua. "Huku, shangazi!" watu walipiga kelele. "Kushoto! Lajos, wewe gogo, ongeza mwendo!" Walinzi wengine walikuwa wanawakimbiza wale kumi na wanane. Feri fundi bomba aliiba upya, safari hii bila kuambiwa, na mkewe naye akamfuata.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni. Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Tano mlango huo unatakiwa kufungwa kwa ufunguo wakati wote wa dansi, na ufunguo ukae kwa Katibu. Nilimwona Shangazi Piroska akija, Lajos hatua mbili nyuma, mkono umenyooshwa. Nikaufungua. Alinipita akicheka, machozi yakimtiririka, na mimi yalinilenga vile vile, sitaki kudanganya. Akapita kati ya masufuria, akatokea mlango wa nyuma, na hatukumwona tena siku ile.

Lajos alirudi baada ya dakika kumi, kofia mkononi, akihema, uso umemwiva. Hajawahi kupendeza vile. Bi Etelka Sipos alisimama na daftari lake.

"Aliyetoroka ni nani? Nataka jina kwa ajili ya ripoti."

Lajos alijifuta jasho.

"Sikumwona vizuri, mama," alisema. "Msichana mmoja hivi. Ana mbio sana."

Bi Etelka alimtazama, kisha akaandika hivyo hivyo alivyoambiwa. Nami nikaandika.

"Ni Piroska!" Rais alipiga kelele kutoka kizimbani, akitikisa mbao kwa mikono miwili. "Ni Piroska Varjas! Wote mmemwona! Béla, andika, ni amri!"

Nilimgeukia Jaji, maana mimi ni mtu wa taratibu.

"Maneno ya mfungwa," alisema Ernő, "hayaingii kwenye kumbukumbu."

Sikuyaandika.